Usibandue hivyo vibati, mdogo wangu

Ngoja. Weka chini hiyo makapeni kwanza.

Nimesoma uzi wako wote. Umeuliza kuhusu kujitolea kwenye bustani ya mimea hapa Kigoma: malazi, posho, cheti, nguo za kazi, na kama kweli itakusaidia kupata ajira. Wadau wamekujibu, wengine wamekupa pole kabla hata hujaumia. Lakini hakuna aliyeishtukia sentensi yako ya mwisho, ile uliyoitupia kama salamu tu: kwamba Jumatatu umepangiwa kubandua vibati vya zamani vyenye namba kwenye viriba (mifuko ya miche) vya michikichi, uvipange upya kwa urefu ili kitalu kipendeze, halafu uandike majina mapya kwa makapeni. Chai ilinipalia.

Hayo hayo niliyafanya mimi mwaka 2019. Nilikuwa na stashahada ya kilimo, sina kazi, nakula kwa shemeji, na kila asubuhi ilibidi nitoke nyumbani ili nisionekane nimekaa. Nikaomba kujitolea kwenye bustani moja, siitaji jina. Ilikuwa na mininga, mikola, mikarafuu miwili iliyoumwa muda wote niliokuwa pale, na upande wa chini kitalu cha michikichi.

Michikichi yenyewe ilikuwa ya makundi mawili. Kuna dura, hii ya asili tunayoijua tangu utoto, mbegu zake zimeokotwa chini ya miti mikongwe ya vijiji mbalimbali ili bustani ibaki na kumbukumbu yake. Na kuna tenera, chotara iliyoletwa kwa ajili ya kugawia wakulima. Sasa shika hili: zikiwa kwenye kiriba, dura na tenera ni mapacha. Jani lile lile, shina lile lile. Tofauti imejificha ndani ya tunda, kwenye unene wa gamba la mise, ile kokwa ya ndani, na hilo tunda utaliona miaka mitatu au minne baada ya kupanda shambani. Kitaluni kinachozitenganisha ni maandishi. Asikudanganye mtu kwamba ana jicho.

Mzee aliyekitunza kitalu kabla yetu alilijua hilo. Kila mstari ulikuwa na kibati alichokikata kwenye kopo la soda, kimekwaruzwa namba kwa msumari. Namba hiyo ukiifuata kwenye daftari lake unakuta mti mama uko kijiji gani, nani aliokota mbegu, tarehe ngapi. Vibati vyenyewe vilikuwa vibaya, nakubali. Vimekunjamana, vimejaa matope, kimoja kilibaki na nusu ya chapa ya soda. Ila vilikuwa vinasomeka.

Halafu msimamizi wetu akarudi kutoka semina. (Nchi hii, mdogo wangu, hakuna kitu cha hatari kama mtu aliyetoka semina jana.) Akasema Ijumaa kuna wageni, hizi takataka mlizotundika zinatia aibu. Panga kwa urefu, mirefu nyuma, mifupi mbele, kama picha ya darasa. Akanikabidhi vibao vyeupe vya plastiki na makapeni mbili mpya. Nikamuuliza, bosi, hii haitafutika? Akanigeuzia ubavu wa kalamu: "Soma hapo. Ya kudumu." Mimi nami, kwa kuwa nina stashahada, nikafanya jaribio la kisayansi: nikaandika, nikamwagia maji, nikasugua. Haikutoka. Nikaridhika, nikajiona mtafiti.

Tatizo halikuwa maji. Kiangazi cha kwetu unakijua, kuanzia Juni jua linakaa juu ya kichwa chako kama lina kesi na wewe. Wino wa makapeni hupauka juani kama kanga iliyosahaulika kambani. Kwanza ulikuwa mweusi, ukawa wa zambarau, ukawa kama kivuli, na mwisho wa Agosti nilikuwa na vibao vyeupe safi kabisa, vinang'aa. Wageni wangevipenda.

Na hapo ndipo kupanga kwa urefu kuliponimaliza. Ningeiacha mistari ilivyokuwa, ningeokoka: ningechukua daftari la mzee, nikahesabu mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikarudisha namba zote kwa jioni moja. Lakini dura ndefu ilikuwa imekaa na tenera ndefu, fupi na fupi. Daftari lipo, limejaa maelezo mazuri ya miti ambayo hakuna tena wa kukuonyesha ni ipi. Vibati vilishakwenda jalalani, mimi mwenyewe ndiye niliyesukuma toroli.

Viriba 312. Nikamwendea msimamizi, nimeshajiandaa kufukuzwa. Hata hakuinua kichwa kwenye simu. Akasema, "Si yote ni michikichi? Gawa."

Neno hilo bado nalisikia. Nimeshamtukana yule bwana kichwani mwangu kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, hata kanisani mara moja, Mungu anisamehe. Mtu anayepewa dhamana ya kitalu halafu hajui kwamba mche usio na namba ni jani tu, huyo alitakiwa apewe duka la maua ya plastiki. Lakini pia nisijitoe. Mkono uliopakia ile miche kwenye pikapu ulikuwa huu huu unaoandika hapa.

Miche 60 ilikwenda kwa mama mmoja wa upande wa Simbo. Ukipanda kwa mita 9 kwa 9, ekari inachukua miche kama 50, kwa hiyo alijaza ekari yake na kusogea kidogo. Aling'oa muhogo ili kupisha "mbegu ya kisasa". Akapalilia, akamwagilia kwa ndoo kiangazi cha kwanza, akasubiri. Mwaka 2023 akanipigia simu, sauti ya upole, akaniomba nifike na kisu.

Ukikata tunda la tenera katikati unakuta nyama nyingi, ndiyo inayotoa mawese, gamba jembamba, na duara la nyuzi nyeusi limelizunguka. Dura ina gamba nene, nyama kiduchu, na duara hilo hulioni. Tulizunguka mti kwa mti, tunakata, tunahesabu. Mingine ilikuwa bado haijazaa vizuri. Kwa iliyozaa, 37 ilikuwa dura. Mama akafuta kisu kwenye khanga yake akaniambia, "Mwanangu, nilikuomba mawese, umeniletea mise."

Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Nilimnunulia miche 20 kwa pesa yangu, lakini ile miaka minne ningeinunua duka gani? Mpaka leo nikipita Simbo nashuka na dagaa. Mke wangu anadhani nina mchepuko huko.

Sasa wewe utaambiwa kuandika namba ni kazi ya makarani, mtaalamu hushika jembe. Mwaka 1848 miche minne ya michikichi ilipandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, na sehemu kubwa ya michikichi ya Indonesia na Malaysia ukoo wake unarudi pale. Tunajuaje kwamba ilikuwa minne, na mwaka wenyewe? Kuna mtu aliandika, na aliyemfuata hakufuta. Tena usiende mbali, hapo ng'ambo ya ziwa, Kongo, watafiti wa Kibelgiji ndio walioonyesha mwaka 1941 kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera, aina ya tatu ambayo mise yake haina gamba. Unadhani wangeweza kama miti yao ingekuwa imepangwa kwa urefu? Na ndiyo sababu mbegu za tenera iliyochavushwa na tenera mwenzake hazikupi tenera tupu: karibu robo hurudi dura, robo nyingine huwa pisifera, ambayo kwa kawaida haikupi mzao wa maana.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, nimeilipia: kiriba hakisogei hata hatua moja mpaka namba yake iwe imeandikwa sehemu mbili. Moja iko kwenye kiriba chenyewe, nyingine daftarini. Kwenye kiriba tumia kibati cha kopo na msumari, au kibao na penseli. Ndiyo, penseli hii ya shule ya msingi. Jua haliipaushi, na mvua haiifuti kirahisi. Na usiandike "tenera" peke yake ukadhani umemaliza, andika namba. Jina linaweza kuwa lilikosewa tangu mwanzo, namba inakurudisha kwenye daftari ukahakiki. Wakikulazimisha kupanga kwa urefu, panga ndani ya kundi moja tu, usivuke mstari. Wakikulazimisha kuvuka, umwa tumbo Jumatatu. Nakuruhusu.

Mengine uliyouliza... buti za mpira, shati la mikono mirefu. Posho usiitegemee, nauli waulize mapema. Cheti mimi nilipewa, kina picha ya ua, sijawahi kukionyesha popote.

Leo jioni piga picha kila mstari na simu, kibati kionekane, kuanzia nguzo ya kona ili ujue mwanzo ni wapi. Kama kuna vibati umeshavibandua, nenda jalalani usiku huu huu kabla havijachomwa, na uniandikie inbox ni mistari mingapi. Jumamosi nitakuwa Mwanga, hii ya hapa Kigoma mjini, naweza kukuletea makopo na misumari.