Maswali yenu: DNA ya nje ya kromosomu si takataka

Swali: Nimesoma kwa mashine DNA ya jani la muhogo, karibu robo ya vipande ni vya kloroplasti (sehemu za seli zinazotengeneza chakula kwa mwanga). Nivifute?

Usifute ndugu yangu. Seli ya jani ina kloroplasti nyingi na kila moja imebeba kopi kibao za DNA yake, lazima zijae. Vitenge, viunganishe peke yake, utapata duara zima la herufi za DNA kama 161,000. Siku nyingine ukitaka zaidi za kromosomu, tenga kwanza viini vya seli.

Swali: DNA ya mitokondria yangu (sehemu za seli zinazozalisha nishati) ina herufi 16,571, ya mwenzangu 16,569. Nani kakosea?

Jamani, hili nimeshajibu mara ngapi? Angalieni rejea mliyotumia, yani mfuatano wa kulinganishia, kabla hamjaandika! hg19, rejea ya DNA ya binadamu ya UCSC (Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz), iliwekwa mitokondria ya Myoruba, ndo hiyo 16,571. Wanaochunguza magonjwa wanahesabu kwa ile ya Cambridge ya 1981, iliyosahihishwa 1999, yani 16,569. Ukichanganya namba zinasogea, mgonjwa anaandikiwa badiliko asilokuwa nalo.

Swali: Mtoto anaweza kurithi mitokondria ya baba?

Kwa kawaida hapana. Zile familia zilizotangazwa 2018 kwamba watoto wamerithi mitokondria ya baba, uchunguzi uliofuata ulielekeza kwenye vipande vya DNA ya mitokondria vilivyohamia ndani ya kromosomu, na kromosomu baba anarithisha.

Swali: Bakteria Klebsiella ya wodini kwetu tumeisoma kwa Illumina (mashine inayosoma DNA kwa vipande vifupi), jenomu, yani DNA yake yote, imetoka vipande 140. Jeni la usugu wa dawa liko kwenye plasmidi (duara dogo la DNA nje ya kromosomu) au kromosomu?

Kwa data hiyo huwezi kusema, na usikubali bosi akulazimishe. Illumina inasoma herufi 150 hadi 300 kwa mkupuo, sasa jeni za usugu zinapenda kukaa katikati ya mifuatano inayojirudia yenye herufi mia nane na zaidi, programu ikifika hapo haijui iunge wapi inakata, kwa hiyo jeni unaliona lipo ila limekaa kwenye kipande kifupi hakina jirani. CTX-M-15, mojawapo ya jeni hizo za usugu, inakaa kote kuwili. Rudia kwa Nanopore, mashine inayosoma vipande virefu, lakini data ya Illumina usiitupe, maana plasmidi ndogo ni duara lisilo na ncha na maandalizi mengi ya Nanopore yanashika ncha, zinapotea kimyakimya halafu mtu anaandika "haina plasmidi". Na msioteshe bakteria mara tano bila dawa ndo mtoe DNA, wanaweza kuacha plasmidi njiani. Jeni likiwa kwenye plasmidi linaweza kumhamia bakteria wa aina nyingine kabisa, kwa hiyo waambieni wodi wasifuatilie Klebsiella peke yake, wapime na E. coli wa vitanda vya jirani.