Kuhamia mwaka wa pili ukiwa na miaka 43

Kitakachokuangusha si umri. Mimi wiki tatu za mwanzo ziliishia hapo: nikanunua miwani mpya, nikajaribu kukesha kama enzi za diploma, nikakilaumu kichwa kwamba kimezeeka. Kichwa hakikuwa na neno. Nilikuwa nimehamia chuo kikuu huku Moshi na kuingia moja kwa moja mwaka wa pili, na wanafunzi wa mwaka wa pili wana njia zao walizozikanyaga mwaka mzima wakati wewe hupo.

Jaribio la takwimu lilipangwa Jumatano saa nane mchana. Jumanne jioni nilikuwa soko la Mbuyuni nachagua ndizi mshare za mtori, nina usiku mzima wa kupitia maswali. Jumatano nafika, ukumbi mtupu, dada wa usafi anafagia. "Mama, wale wamefanya jana jioni." Taarifa ilikuwa imetumwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa, lililofunguliwa tangu mwaka wa kwanza. Hakuna aliyeninyima, hakuna tu aliyekumbuka kwamba simo. Mwalimu alinisikiliza kwa utulivu, akaniambia udhuru huletwa kabla, hauletwi baada. Zikaenda alama 15. Nikaingia mtihani wa mwisho na alama 17 kati ya 40 za kazi za muhula, nikatoka na C, na kila nikiiona kwenye matokeo naziona zile ndizi.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujamtafuta hata dalali wa chumba, mtafute CR, yaani mwakilishi wa darasa unaloingia. Akuweke kwenye grupu ukiwa umesimama mbele yake, usikubali "nitakuadi baadaye mama". Muulize pia kama kuna grupu la pili, maana huwa lipo: la kwanza ni la matangazo, la pili ndilo lenye madesa, yaani notisi za kusomea, na mitihani ya nyuma.

Halafu kuna hili la shikamoo. Siku nilipoingia darasani kelele zilikatika, kijana mmoja akaamka akafuta ubao. Walidhani mwalimu kaja. Walipojua ni mwenzao, adabu haikupungua, na hapo ndipo penye mtego: nilipewa kiti kizuri cha mbele, na viti viwili kila upande vikabaki wazi. Mtu mzima anaheshimiwa kwa kuachiwa nafasi. Usiikatae shikamoo, utaonekana wa ajabu, tena huku Kilimanjaro. Ila usiiache ikaishia hewani. Mimi nilijifunza kuunganisha: "Marahaba mwanangu, jaribio la Alhamisi liko palepale?" Baada ya wiki mbili viti vilikuwa na watu.

Kwenye kazi za kikundi utapangwa na waliobaki, kwa sababu vikundi viliundwa zamani. Pokea. Nilikuwa nimefanya kazi ya fedha kwenye SACCOS kule Singida miaka 14, nimelinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki hadi nikaota nalo usingizini. Siku mada hiyo ilipokuja vijana walikuwa wanaikariri kama shairi. Nikawachorea mfano wa hundi iliyoandikwa tarehe 29 na ikapita benki mwezi uliofuata, wakaelewa. Wao wakanifundisha Excel, na hawakunicheka, au walicheka nikiwa sipo. Jambo moja tu: hela ya kuprinti steshenari igawanywe kwa vichwa tangu mara ya kwanza. Mimi nililipa mara mbili kwa sababu "mama unazo", na mara ya tatu kukataa kulikuwa kugumu kuliko kama nisingeanza.

Karatasi. Hapa nilijikwaa kwa kosa langu mwenyewe. Uhamisho wa chuo kikuu kimoja kwenda kingine hupitia Tume ya Vyuo Vikuu, hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba transkripti peke yake haitoshi kuhamisha krediti. Transkripti inaonyesha jina la somo na alama. Mkuu wa idara anataka kuona kilichofundishwa ndani yake. Krediti moja kwetu ni saa 10 za kujifunza, shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, na yeye ndiye anayepaswa kusema kama saa zako za kule zinafanana na za hapa. Bila muhtasari wa kila somo, wenye mhuri, hana cha kulinganisha. Nilipanda basi alfajiri, Arusha, Babati, Kondoa, hadi Dodoma kwenye chuo nilichotoka, kufuata makaratasi ambayo ningeyaomba siku naaga. Na mawili kati ya masomo yangu bado hayakukubalika, nikayarudia pamoja na watoto wa mwaka wa kwanza. Liweke hilo kwenye ratiba yako na kwenye bajeti yako.

Ukiwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo, bumu, ile hela ya kujikimu, halihami lenyewe; pita kwa afisa mikopo wa chuo unachotoka na wa unachoingia, kote kuwili. Na kama kuna pengo kati ya vyuo, ahirisha masomo kwa barua na utunze nakala yenye mhuri. Aliyetoroka na aliyeahirisha wote hawakuwepo darasani, ila faili zao hazifanani.

Kuhusu mji nitasema machache. Chumba cha bei nafuu nilichopata mtaa wa Pasua kilinimalizia hela kwa nauli ya bodaboda, kwa sababu vipindi vya jioni vilikuwa vinatoka saa mbili usiku. Nilikuwa nimeshalipa kodi ya miezi sita, nikakaa. Wewe lipa mitatu kwanza, hata mwenye nyumba akinuna. Juni na Julai ni baridi, sweta utalipata soko la Memorial kwa bei ya mitumba. Desemba mabasi ya kuja huku yanajaa Wachagga wanaorudi nyumbani, wewe unayetoka unapata siti bila kugombana.

Muhula uliofuata jaribio lilihamishwa tena, safari hii la kodi. Nilikuwa palepale Mbuyuni. Simu ikaita, ni yule kijana aliyefuta ubao: "Mama uko wapi? Tunaanza saa kumi na moja, nimekushikia kiti." Nikamwachia muuzaji ndizi zangu, nikapanda boda. Jioni nilizifuata, alikuwa amenifunikia kwa gunia.