Jibu: Kutoka «de» na «het» hadi «der», «die» na «das»

Salaam, ndugu. Umeuliza iwapo jinsia za nomino (makundi yake ya kisarufi) ulizozoea katika Kiholanzi zitakusaidia katika Kijerumani. Jinsia huonyeshwa na kibainishi, neno dogo linalotangulia nomino: «de» au «het» katika Kiholanzi, «der», «die» au «das» katika Kijerumani. Kagua kwanza nomino za «het», kwa kuwa nyingi huwa «das», kama het huis na das Haus (nyumba), ingawa het nummer ni die Nummer (namba), neno lililonitesa sana. Ugumu halisi umo katika «de», ambayo Kijerumani huigawa: de maan (mwezi) ni der Mond, lakini de zon (jua) ni die Sonne. Mimi nilikariri kila nomino pamoja na kibainishi chake, isipokuwa zenye kiambishi tamati -ung au -heit, ambazo ni «die». Kuhusu matamshi, g ya gut (nzuri) ya Kijerumani hutamkwa kama ya «gari», bila kukwaruza koo kama katika goed ya Kiholanzi.