Uliza Ujibiwe: Moto wa juu ya mnara, salfa inaenda wapi, na saa mbaya kuliko zote ndani ya refainari

Safari hii barua nyingi ni za mafuta, nadhani hilo bomba la mafuta ghafi ya Uganda linalokatiza mkoa wetu wa Tabora limewaamsha watu. Nimechukua nne.

SWALI: Shikamoo mjomba. Niko Nzega, hapa kijiweni tunabishana kila jioni, kuna wanaosema pale Sojo mafuta yatasafishwa na moshi wake utamaliza mashamba yetu, wengine wanasema hamna kitu kama hicho. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Wa hamna kitu wameshinda, wanunuliwe chai. Pale Sojo kiwanda kilijengwa kwa ajili ya kuyavisha mabomba koti la kutunza joto, kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, sasa njia nzima ya kilomita 1,443 toka Hoima mpaka Chongoleani kule Tanga lazima yabaki juu ya nyuzi joto 50. Huku kwetu yanapita yakiwa ghafi hivyo hivyo, yakifika Tanga yanapakiwa melini basi. Refainari, yaani kiwanda cha kusafisha mafuta, inayopangwa iko Hoima huko huko Uganda, ya mapipa 60,000 kwa siku. Sisi tulikuwa na refainari ya TIPER pale Kigamboni lakini iliacha kusafisha siku nyingi, sasa hivi ni matenki ya kuhifadhia.

SWALI: Mi ni mkulima wa tumbaku Urambo. Naona kwenye video hizi refainari zina mnara unawaka moto juu usiku na mchana. Huku mtungi wa gesi tunaununua kwa kujinyima, wao wanachoma bure! Sisi kila siku tunaambiwa tubane kuni kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, wao hakuna wa kuwaambia?

JIBU: Hasira yako ina haki nusu. Ule moto kazi yake ya kwanza ni usalama. Presha ikizidi kwenye mtambo valvu zinafunguka zenyewe na hiyo gesi lazima iende mahali, ukiiachia bila kuichoma inaweza kutambaa chini mpaka ikutane na cheche, alafu methani iliyomo humo ikienda hewani mbichi inapasha dunia joto kuliko huo moshi wake ikichomwa. Kwa hiyo mnara usiwepo? Hapana, uwepo. Ila moto mkubwa kila siku ni dalili kwamba ndani kuna kitu hakiko sawa, valvu inavuja au mtambo unazima zima, na refainari zinazojielewa zinafunga kompresa, mashine ya kubana gesi, ya kuirudisha ile gesi ikawe kuni za matanuru yao.

Tena usidanganywe na macho. Moto ukitoa moshi mweusi wanaupulizia mvuke ili uchanganyike vizuri na hewa, moshi unakata, kila mtu anafurahi. Mvuke ukizidi sasa, moto unapoozwa na gesi inapita bila kuungua, juu unaona peupe kabisa kumbe ndo uchafu wenyewe unaondoka. Yule anayechunga kwa kuangalia moshi tu anachunga nusu ya kazi, lazima apime.

Kuhusu kubana kuni, hapo umegusa penyewe. Mafuta ghafi yanapashwa mpaka kama nyuzi 350 na kitu ndo yaingie kwenye mnara wa kuyatenganisha, na moto wa kazi hiyo refainari inautoa humo humo kwenye mafuta na gesi yake, yaani inakula sehemu ya mali iliyonunua. Tanuru lake we unalijua kwa sababu ni tabia ile ile ya bani, hewa ikiwa ndogo unapata masizi na gesi yenye sumu, ikizidi unapasha hewa ya bure unaitupa kwa bomba la moshi. Wao wanafunga sensa kwenye bomba la moshi, oksijeni inayobaki ikiwa asilimia 2 au 3 wanatulia, ikiwa 6 au 7 kuna mtu anachoma hela.

Alafu kuna vibadilisha joto, mafuta yaliyosafishwa yanatoka ya moto, yanapita jirani na ghafi inayoingia baridi, yanaipasha bure kabla haijafika tanuruni. Shida vinashika uchafu ndani, joto halivuki, tanuru linaongezewa moto, na moshi unaongezeka huko juu. Dawa ni kuvisafisha kwa wakati. Mitego ya stimu, vile vifaa vya kutoa maji kwenye bomba la mvuke bila kuachia mvuke, nayo ikifa inapitisha mvuke bure hata mwaka mzima hakuna anayeona. Mi nasema wazi, mabosi wengi wanapenda kukata utepe wa mtambo mpya wakati hela iko kwenye brashi na spana, lakini nani atapiga picha na brashi.

SWALI: Habari za kazi. Mume wangu kapata mkataba refainari huko Uarabuni, ananiambia nisiwe na wasiwasi. Mi nataka kujua hatari yenyewe iko wapi na nimuulize nini. Mama wawili, Tabora mjini.

JIBU: Nzuri dada yangu, na hongera kwa kutokubali hilo la usiwe na wasiwasi.

Refainari ikiwa inatembea imetulia siyo mbaya hivo. Saa mbaya ni ya kuzima na hasa ya kuwasha tena baada ya matengenezo. Chukua Texas City kule Marekani, refainari ya BP, tarehe 23 Machi 2005. Walikuwa wanawasha kitengo kimoja, mnara ukajazwa kupita kiasi, geji inaonyesha mafuta yanashuka kumbe yanapanda, alamu ya kuonya kwamba mnara umejaa haikulia, mwisho yakafurika yakatokea kwenye bomba la zamani lililo wazi juu ambalo halikuwa hata na moto wa kuyachoma. Mvuke ukatambaa ukalipuka. Watu 15 walikufa na 180 hivi waliumia, na hao waliokufa walikuwa ndani na karibu na vibanda vya ofisi vilivyowekwa jirani na mtambo, yaani kuwasha mtambo hakukuwahusu kabisa. Ndo maana swali la kwanza muulize, siku ya kuwasha, wasiohusika wanaondolewa?

La pili ni alamu. Refainari ya Milford Haven, Uingereza, 1994, dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko alamu 275 ziliwalilia waendeshaji wawili. Nani atasikiliza ipi hapo? Chumba chenye alamu zinazolia ovyo kutwa ni chumba kisicho na alamu.

La tatu gesi ya salfa, ile inayonuka yai viza. Ikiwa kidogo unaisikia, ikizidi inaua pua, unadhani imeondoka kumbe ndo imefika. Kwa hiyo awe na kipimo kifuani chake, na mwenzie akianguka asikimbilie kumvuta bila mtungi wa hewa, wengi wamekufa wakiokoa. Na asifungue bomba lolote bila kibali cha maandishi, hata supavaiza akipiga kelele vipi.

SWALI: Bosi, naendesha fuso Tabora–Kigoma. Wanasema dizeli ya siku hizi imetolewa salfa. Wameipeleka wapi?

JIBU: Inatolewa kwa haidrojeni kwenye joto na presha kubwa, inageuka ile gesi ya yai viza niliyomwambia dada hapo juu, alafu inachomwa kidogo kwa ustadi mpaka inakuwa salfa ya njano, inauzwa. Salfa nyingi duniani sasa inatoka kwenye mafuta na gesi, sishangai ikiwa ya wakulima wa korosho kule Mtwara imetoka huko huko. Afrika Mashariki mwaka 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli kilishushwa mpaka sehemu 50 kwa milioni, pafu lako limepona kidogo. Ila haidrojeni yenyewe mara nyingi wanaitengeneza kwa gesi asilia na inatoa kaboni, hivo hapo umesafisha hewa ya mjini ukaongeza joto la dunia, bado wanahangaika nalo.

Sasa wao wamefanya yote hayo, alafu we ukaja kujaza dizeli ya madumu njiani iliyopigwa mafuta ya taa, hapo mi sina jibu, waulize EWURA wanaosimamia biashara ya mafuta.