Trekta Likivuja Oili, Anza na Tambara

Wadogo zangu mnaoingia kwenye ufundi wa matrekta, mkikuta tone la oili chini ya trekta la zamani, spana ziacheni kwanza. Chukueni tambara.

Mimi nilifundishwa na Massey Ferguson 135, lile lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Lilikuwa linavuja kwenye kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya injini. Nikabadilisha gasketi inayoziba ukingo wake, likavuja. Nikaweka nyingine, nikapaka silikoni, nikakaza nati kwa hasira mpaka kifuniko kikapinda. Sasa likawa linatiririka. Mzee mmoja fundi akaja, gasketi hata hakuitazama. Akainama kwenye bomba la kupumulia la injini, akachokonoa kwa waya, likadondoka donge la udongo: nyigu walikuwa wamejenga humo. Moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni ulikosa pa kutokea, ukawa unaisukuma oili nje. Gharama yote ilikuwa waya. Kifuniko nilichokipinda nilikilipia mimi.

Kumbuka pia kwamba oili hushuka, na feni huipeperusha nyuma. Tone linaloangukia chini ya klachi huenda limeanzia juu kwenye tapeti. Kwa hiyo osha injini ikiwa imepoa kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, nyunyiza podari ya mtoto sehemu unazozishuku, kisha liwashe kwa dakika kumi. Chungulia kwa tochi, usisogeze mkono karibu na feni. Podari itakuonyesha mchirizi unapoanzia.

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu lenye kipini cha waya kinachochezacheza. Hakijalegea, kimewekwa hivyo ili matope yasizibe tundu. Nimeshakuta mtu kalisokomeza kitambaa "kuzuia uvujaji". Oili ikajaa ndani na klachi ikaanza kuteleza. Oili ya hapo ikiwa nyeusi tii, shuku sili, yaani mpira wa kuzuia oili, ya nyuma ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikiwa ina rangi ya asali, imetoka giaboksi. Zote mbili zinadai trekta litenganishwe katikati, na kama ni matone mawili matatu kwa siku na msimu wa kulima umeshika, mimi ningepima oili kila asubuhi, nikaongeza, nikasubiri mavuno.

Ila oili ikionekana ndani ya gurudumu la nyuma, usisubiri chochote. Sili ya ekseli imekwisha na breki zinalowa. Mteremkoni na tela la mahindi utajuta.

Na kuna siku utapima ukute oili imepanda badala ya kushuka. Usifurahi. Inuse: ikinuka dizeli, huenda mpira wa pampu inayovuta dizeli umechanika na dizeli inaingia kwenye injini. Usiliwashe. Tengeneza pampu, mwaga oili yote, weka mpya.