Mteja anachagua, orodha inabadilika, alama zinafutika

SWALI: Mwalimu, salamu. Ninauza spea za magari Barabara ya Kirinyaga. Tovuti yetu iliandikwa kwa lugha ya PHP na bidhaa zimo kwenye hifadhidata ya MySQL. Mteja akiandika "filta" na kubonyeza, ukurasa mzima unapakia upya. Akitafuta plagi, tiki alizoweka kwenye filta zimeshapotea. Nataka matokeo yatokee anapoandika, achague vitu kadhaa, kisha atume oda moja. Kijana wangu anasema lazima tununue mfumo mpya. Ni kweli?
Muuza spea, Nairobi

JIBU: Usinunue kitu, dada yangu. Ukurasa kuuliza seva (kompyuta inayoendesha tovuti yako) kimyakimya bila kupakia upya ni jambo la tangu 1999, Microsoft walipoliweka ndani ya Internet Explorer 5. Leo kila kivinjari kina fetch, amri ya kufanya kazi hiyo, na PHP yako inatosha kabisa.

Andika faili moja fupi, tuseme tafuta.php. Ipokee neno, iulize hifadhidata, irudishe JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome) yenye namba ya bidhaa, jina na bei. Weka LIMIT 20, yaani matokeo yasizidi ishirini. Hakuna mteja atakayesoma filta mia tatu kwenye simu. Neno la mteja lisiunganishwe moja kwa moja na SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Tumia prepare na execute za PDO (njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata), zinazotenganisha neno la mteja na amri, maana wapo watu ambao kazi yao ni kuandika SQL pale ulipotarajia "plagi".

Upande wa kivinjari, usiulize seva kwa kila herufi. Subiri mteja atulie kama milisekunde 300. Hata hivyo, mtu aliye ndani ya matatu Thika Road, mtandao ukipanda na kushuka, anaweza kupata jibu la "fil" baada ya jibu la "filta ya Probox", na orodha mpya ikafunikwa na ya zamani. Kabla ya kutuma ombi jipya, lifute la awali kwa AbortController, kifaa cha kivinjari cha kukatiza ombi.

Sasa tufike kwenye shida yako hasa. Tiki zinapotea kwa sababu zinaishi ndani ya orodha, na orodha ikichorwa upya zinakwenda nayo. Zitoe humo. Tengeneza Map moja (daftari la jozi za ufunguo na thamani) kwenye JavaScript, lugha inayoendesha ukurasa ndani ya kivinjari: ufunguo ni namba ya bidhaa, thamani ni jina, bei na idadi. Mteja akitia tiki, bidhaa inaingia kwenye Map, akiiondoa, inatoka. Kila unapochora matokeo, angalia kama namba ipo humo, na kama ipo kisanduku kiwe tayari na tiki. Chini ya matokeo weka sehemu ya "Ulizochagua", inayochorwa kutoka kwenye Map hiyo hiyo, ili aliyehamia plagi bado azione filta zake. Nakala ya Map ikiwekwa kwenye sessionStorage (hifadhi ndogo ya kivinjari), hata akiburura ukurasa ukapakia upya kwa bahati mbaya, hajapoteza kitu.

Usitumie jina kama ufunguo. Wewe mwenyewe unajua ni filta ngapi zinaitwa "filta ya oili".

Kisikilizi cha mibonyezo (msimbo unaongoja mteja abonyeze) kifunge kwenye orodha nzima, si kwenye kila mstari. Ukikifunga kwenye mistari, ile ya kwanza itabonyezeka na itakayokuja baadaye itakaa kama picha. Mafundi wengi wamekesha hapo. Majina ya bidhaa yaandike kwa textContent (huonyesha maandishi tu), si innerHTML (huyasoma kama msimbo wa ukurasa), vinginevyo msimbo uliopachikwa ndani ya jina la bidhaa unaweza kuendeshwa kwenye simu ya mteja.

Oda ikitumwa, ibebe namba za bidhaa na idadi tu. Bei seva iisome yenyewe kwenye MySQL. Ukipokea bei kutoka kwenye ukurasa, mjuaji mmoja ataufungua msimbo wa ukurasa huo, ageuze shilingi 450 kuwa 4, na risiti itoke hivyo hivyo.