Maswali ya Wasomaji: Jumba la Sarakasi la Moscow, Uketi Wapi na Utazame Nini

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Tanga. Mwanangu anasoma Moscow, katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa chenye jina la Patrice Lumumba, na Januari ijayo nitakwenda kumtembelea kwa majuma mawili. Ameahidi kunipeleka kwenye sarakasi kubwa ya jiji. Nilipomwambia kwamba sarakasi nimeiona tangu utotoni, pale viwanja vya Tangamano, alinijibu kwamba hiyo ni nyingine kabisa na kwamba jengo lenyewe linatosha kuwa sababu ya kwenda. Jengo linaweza kuwa na ajabu gani? Nami nikifika, niketi wapi?

JIBU: Shikamoo, Mama. Kijana wako amesema kweli, nami ninakuomba ukubali mwaliko wake. Kwetu sarakasi ni mchezo wenyewe, yaani wale vijana wanaopandana mabegani na kurukia pete za moto popote penye nafasi, iwe kiwanja cha mpira au ua wa hoteli. Kwa Warusi neno lao la sarakasi hutaja pia nyumba, kama vile kwetu neno sinema linavyotaja filamu na jumba la kuionyeshea, na miji mingi mikubwa ya huko ina nyumba hiyo ya kudumu, ambayo watu huingia hata wakati theluji imefunika barabara.

Jumba utakalopelekwa liko Barabara ya Vernadsky, kusini-magharibi mwa jiji. Lilifunguliwa tarehe 30 Aprili 1971, likiwa limesanifiwa na kundi lililoongozwa na Yakov Belopolsky, na lina viti vipatavyo 3,400. Kama mwanao anaishi karibu na chuo chake, mtapanda metro katika kituo cha Yugo-Zapadnaya na kushuka kituo cha pili, Universitet, kisha mtatembea kidogo tu. Msiingie mara moja. Simameni kwa mbali mlitazame, kwa maana wasanifu wake walichukua lile hema la sarakasi za kuhamahama, turubai linaloinuliwa kwa mlingoti na kuvutwa kwa kamba, wakaligeuza kuwa jengo: paa limepigwa mikunjo inayopanda hadi kileleni kama kitambaa, na chini yake ukuta wa kioo umezunguka pande zote, hata giza likiingia na taa za ndani kuwashwa, paa lile zito huonekana kana kwamba halikukalia kitu. Jirani yake mtauona mnara wa Chuo Kikuu cha Moscow, wenye kimo cha mita 240, uliokamilika mwaka 1953 ukiwa na nakshi na vinara tele. Kati ya majengo hayo imepita miaka 18 tu, lakini mtu angeweza kuapa kwamba ni ya karne mbili tofauti.

Ndani, kutoka sakafu ya mchezo hadi kileleni mwa kuba ni mita 36. Duara la kuchezea, hata hivyo, ni dogo kuliko watu wengi wanavyotarajia, kwa kuwa kipenyo chake ni mita 13, kipimo kinachofuatwa na majumba ya sarakasi karibu kote duniani. Sababu yake ni farasi. Philip Astley, aliyewahi kuwa askari wa farasi wa Uingereza, alianza maonyesho yake jijini London mwaka 1768, akitumia jambo ambalo wapanda farasi walilifahamu: farasi akikimbia kwa kuzunguka, yeye na mpandaji wake huinamia ndani, na mpandaji hupata utulivu unaomwezesha kusimama wima mgongoni mwa mnyama. Duara likiwa finyu, farasi hulazimika kupunguza mwendo; likiwa pana mno, ule utulivu hupotea. Kwa hiyo zege lote lile na kioo chote kile, Mama, vimepangwa kuzunguka hatua za farasi.

Nisingependa mapumziko yakupite. Chini ya jumba, kina cha mita 18, kuna maduara matano yanayobadilishana nafasi: la farasi, la maji, la barafu, la mazingaombwe na la mwanga, na kubadilisha moja kwa jingine huchukua kama dakika tano. Si kila onyesho hutumia zaidi ya moja, kwa hiyo mwanao aulize kabla ya kununua tiketi. Mimi nilipokwenda, watu waliinuka kukimbilia aiskrimu, nami nikabaki kitini. Sakafu niliyokuwa nimeitazama kwa saa nzima, bado ina alama za kwato, ilianza kuzama polepole. Harufu ya farasi ikafifia, ubaridi ukapanda hadi safu tuliyoketi, na pale palipokuwa na kwato pakawa na barafu nyeupe isiyo na mkwaruzo. Mtoto aliyekuwa jirani yangu alisahau kufungua biskuti zake. Kwangu mimi hicho kilikuwa kipande bora kuliko vyote vya usiku ule, na hapakuwa na msanii hata mmoja uwanjani.

Kuhusu kiti, usidhani kwamba safu ya kwanza ndiyo bora kwa kuwa ndiyo ghali. Ukiwa pale utauona uso wa mchekeshaji vizuri, lakini wachezaji wa bembea za juu watakuumiza shingo, na siku ya duara la maji utalowa. Chagua safu za katikati, upande unaotazamana na pazia wanapotokea wasanii. Fikeni mapema, kwa sababu makoti mazito huachwa kwenye chumba cha kuyahifadhi, nawe utapewa kibao chenye namba ambacho usikipoteze. Tiketi alipie mwanao, kwani tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko.

SWALI: Mhariri, nimewahi kusoma katika ukurasa huu sifa za sarakasi za nje. Mimi ni baba wa watoto wawili, Nairobi, na moyo wangu hauko radhi kuona simba akipandishwa juu ya kigoda. Je, mnyama bado ni sehemu ya sarakasi hizo? Na hapa kwetu hakuna jumba la namna hiyo?

JIBU: Bado yupo katika nchi nyingi, Urusi ikiwemo, nami ninakubaliana nawe bila kusita. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2019 ya kuzuia wanyamapori katika sarakasi za kuhamahama, na Ufaransa ilipitisha yake mwaka 2021, ambayo itaanza kuzuia maonyesho hayo mwaka 2028. Cirque du Soleil, kampuni ya sarakasi iliyoanzishwa Quebec, Kanada, mwaka 1984, ilijengeka juu ya miili ya binadamu, muziki na mwanga, na imevuta watazamaji wengi. Farasi ninaweza kumtetea, kwa kuwa mchezo huu ulizaliwa naye na kwa kuwa amefugwa na watu tangu kale. Chui na simba siwezi kuwatetea. Watoto wako wanaishi katika jiji ambalo mbuga yake ya taifa imepakana na mitaa ya watu, na huko watamwona simba akitembea kwa hiari yake. Mkisafiri, someni tangazo la onyesho kwa makini, na likiwa na picha za wanyamapori, chagueni tarehe nyingine.

Jumba lipo, tena karibu nawe. Nendeni Ngara mkaulizie Sarakasi Dome, lililokuwa jumba la sinema la Shan, ambako vijana hufunzwa sarakasi na dansi. Ulizeni siku za maonyesho, na mkifika mwache mdogo akae mbele, kwa sababu pale hakuna maji ya kumlowesha.